Mrejesho: bendi ya soul nimeipata, na tiketi ninayo

Wakuu, niliuliza kama kuna bendi ya sasa inayopiga soul (muziki wa Wamarekani Weusi wenye mizizi ya kanisani) ya Kusini mwa Marekani, maana Otis Redding, gwiji wa muziki huo, alifariki 1967 na mimi nimechoka kushabikia marehemu. Mkanitajia St. Paul and the Broken Bones wa Birmingham, Alabama. Jamani! Yule mwimbaji wao, Paul Janeway, alikulia kanisani akiandaliwa kuwa mhubiri, na kwa kweli bado anahubiri, ila sasa ana tarumbeta na tromboni nyuma yake. Albamu yao ya kwanza, Half the City ya 2014, naiona tamu kuliko zilizofuata, mtanivumilia. Tiketi ya onyesho lao la Atlanta ninayo, ya kusimama mbele. Mke wangu anasema sauti itanikauka kabla ya Janeway. Nani mwingine anakwenda?