Mapanga ya ndege yametoka yamepinda kama ndizi: kihisi cha kamera kimekufa?

Mwambao_Video:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Juzi nilipata kazi ya kurekodi familia ya wageni wakipanda ndege ndogo uwanja wa Zanzibar, zile Cessna Caravan zenye rafadha moja puani. Kazi niliifanya kwa moyo wote. Nafungua video usiku, nakuta mapanga yamepinda kama ndizi, mengine yamekatika yanaelea hewani mbali na pua. Tena pale nilipogeuza kamera haraka kuifuata ndege, nguzo zote za taa zimelala upande.

Fundi anasema kihisi, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kimekufa, anataka laki tatu na nusu. Nilishapandisha kasi ya shata (muda wa kupokea mwanga) hadi sekunde 1/2000 nikidhani ndiyo dawa, kumbe mapanga ndiyo yakapinda waziwazi zaidi. Kamera ya kanda niliyojifunzia kazi haikuwahi kunifanyia hivi. Mteja anasubiri video Jumamosi.

Baba_Nuhu:
Mkuu, hela yako kaa nayo. Kamera ni nzima.

Vihisi vya kamera nyingi za sasa, vile vya CMOS, havisomi picha yote kwa mkupuo. Husoma mstari kwa mstari kutoka juu kushuka chini, kama wewe unavyosoma ukurasa. Tuseme yako inamaliza fremu, yaani picha moja ya video, kwa sekunde 1/50. Rafadha ya Caravan hufika mizunguko 1,900 kwa dakika, yaani kama 32 kwa sekunde. Piga hesabu: kamera inapofika mstari wa mwisho, panga limeshapita zaidi ya nusu duara. Kila mstari umelikuta panga mahali pengine, halafu yote inaunganishwa kuwa picha moja. Upande ambao panga linashuka, linafuatana na usomaji, ndiyo maana linatoka nene na limepinda. Upande linakopanda, linakutana nao uso kwa uso, linatoka jembamba na laweza kuonekana zaidi ya mara moja. Na nguzo ni hivyohivyo, ila hapo kilichokimbia ni kamera yako.

Shata inaamua kila mstari ukae wazi muda gani. Haiharakishi usomaji kushuka chini. Ulipoweka 1/2000 uliondoa ukungu tu, upindaji ukabaki umechongeka. Kamera yako ya kanda bila shaka ilikuwa na kihisi cha CCD, ambacho mistari yake hupokea mwanga kwa wakati mmoja.

Binti_Pangani:
Hakikisha mwenyewe, kaka. Simama kando ya barabara, rekodi daladala inayopita kasi, simu ukiwa umeilaza. Daladala itainama. Rudia simu ikiwa wima: sasa itarefuka au itabanwa, kutegemea inakoelekea. Mistari ya usomaji imegeuka pamoja na simu. Kihisi kibovu hakiwezi kufuata mpangilio hivyo.

Mwambao_Video:
Mmenitua mzigo, asanteni sana. Hii niliyokwisha kurekodi inaokoleka? Na safari ijayo nifanyeje?

Mzee_wa_Lenzi:
Kijana wangu, jambo hili lina zaidi ya miaka 100. Mfaransa Jacques Henri Lartigue alipiga picha gari la mashindano miaka ya 1910, magurudumu yakatoka mayai yaliyoinama mbele, na watazamaji wa kando wakainama upande wa pili. Pazia la kamera yake lilikuwa na upenyo uliopita juu ya kioo cha picha kidogokidogo, huku yeye akiigeuza kamera kulifuata gari. Leo watu wanaitazama picha ile kwa heshima, kwa sababu inaonyesha mwendo wenyewe.

Nguzo zilizolala, programu ya kuhariri yenye kirekebishi cha roling shata, yaani huu usomaji wa mstari kwa mstari, itazinyoosha. Mapanga hapana, kila kipande kimekwenda upande wake. Kata vipande vile, tumia nyuso za wageni.

Safari ijayo weka shata 1/50 au ya polepole zaidi, mapanga yageuke ukungu, kama macho yanavyoyaona. Jua la Unguja litakuunguzia picha, kwa hiyo funga kichujio cha ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, mbele ya lenzi. Kama kamera ina fremu 120 kwa sekunde, ijaribu: lazima imalize kusoma chini ya sekunde 1/120, upindaji unapungua. Angalia tu kama picha haipotezi ukali. Na geuza kamera polepole.

Baba_Nuhu:
Kamera zinazonasa fremu nzima kwa mara moja zipo. Sony a9 III ilitangazwa Novemba 2023 kwa karibu dola 6,000 za Marekani. Kwa kazi zetu hizi, kichujio kinatosha.

Mwambao_Video:
Nimerudi wakuu. Nimejaribu kwenye pangaboi la sebuleni mchana huu, madirisha wazi. Kwa 1/1000 mapanga yamepinda vilevile kama ya ndege. Kwa 1/50 yamekuwa moshi mzuri. Kamera nimeichukua kwa fundi haijafunguliwa. Kichujio kimoja nimekipata Darajani, na kesho asubuhi nitakuwa nje ya uzio wa uwanja nikirekodi ndege zinavyoondoka.