Natafuta dokumantere za Brazil za kuonyesha watu wa kartie (si mpira, si novela)

MamaNeema_Himbi (Goma)

Jambo kwenu wote. Niko na swali, naomba munisaidie haraka kidogo juu Jumamosi iko karibu. Kwetu tuko na projekta moja ndogo, tunatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa shule ya jirani kila Jumamosi jioni, vijana wanakuja, wamama wanakuja, wakati mwingine tunafika watu 60, kila mtu na kiti chake ama bidoni yake ya kukalia. Mwezi huu niliwaahidi Brazil. Hapa kila kijana yuko na jezi ya njano na majina ya wachezaji anayajua tangu Pelé, wamama nao wanajua zile novela zenye kusema kifaransa, lakini siku moja niliwauliza: wale watu wanaishi namna gani, wanatoka wapi, nani anaosha vyombo kwenye ile nyumba kubwa ya novela? Wote kimya, na mimi mwenyewe sikuwa na jibu.

Nataka filme ambazo watu wa kule wanajisemea wenyewe maisha yao. Sitaki ile ya mgeni anazungushwa favela, zile kartie za maskini, na kamera dakika kumi halafu anapanda gari. Sisi watu wa Goma tunajua namna inauma mtu akikupiga picha siku ya volkano ama siku ya vita, halafu hata jina lako hakuulizi.

Kitu kingine, kireno hakuna anayesikia. Mimi ndiye nasimama na mikro natafsiri kwa kiswahili kutoka maandishi ya chini ya kifaransa, kwa hiyo musinipe ile yenye watu wanasema kama mvua. Aksanti.

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)

Mama Neema, pole na kazi, hiyo kazi yako ni kubwa. Nafundisha historia na nimeshaonyesha wanafunzi wangu mbili ambazo sitajuta.

Ya kwanza ni fupi sana, Ilha das Flores ya Jorge Furtado, 1989, dakika 13 tu. Inafuata tomati moja. Tomati inalimwa, inauzwa sokoni, mama mmoja anainunua apikie nyama ya nguruwe, anaiona imeharibika kidogo anaitupa, inaenda na takataka mpaka kwenye jalala huko Porto Alegre. Pale kuna mwenye nguruwe, anachagua kwanza cha kulisha nguruwe, na kile nguruwe wamekataa ndipo wamama na watoto wanaruhusiwa kuingia, kumi kumi, dakika tano tano, kuokota chakula. Haya yote anayasema msimulizi kwa sauti ya kawaida kabisa kama anasoma kitabu cha shule, na ndiyo maana inakuingia. Ila huyo msimulizi anakimbia! Usijaribu kutafsiri palepale, iangalie nyumbani mara mbili, andika kiswahili chako kwenye karatasi, halafu jioni unasoma tu.

Ya pili ndiyo ile naipenda kuliko zote, Cabra Marcado para Morrer ya Eduardo Coutinho. Kulikuwa na mkulima João Pedro Teixeira kule Paraíba, kaskazini mashariki ya Brazil, alikuwa kiongozi wa chama cha wakulima wasio na mashamba yao, akauawa 1962. Coutinho alikuwa bado kijana, 1964 akaanza filme ya kuigiza maisha yake, na wachezaji ni wakulima wenyewe, hata mjane wake Elizabeth alicheza nafasi yake mwenyewe. Kabla hawajamaliza jeshi likapindua serikali, askari wakafika pale walipokuwa wanapiga filme, wakachukua vyombo, watu wakakimbia kila mtu kivyake. Bahati nzuri mikanda mingi ya filme ilikuwa imeshatumwa Rio kusafishwa, ikapona. Imepita miaka 17 Coutinho akarudi na projekta, akawakusanya wale wakulima usiku akawaonyesha zile picha za 1964. Mama, hapo uangalie nyuso zao! Wazee wanajiona vijana ukutani, wanatajana majina, huyu ni fulani, yule ni fulani. Mimi hapo nasimamisha nawaacha wanafunzi wakae kimya kidogo.

Halafu anaenda kumtafuta Elizabeth. Alikuwa anaishi mji mwingine kwa jina la uongo, miaka yote hiyo, watoto wake wametawanyika huku na huku, wengine hawajamuona mama yao tangu wakiwa wadogo. Filme ikatoka 1984, utawala wa wanajeshi ukiwa unaelekea mwisho. Mtu wa Kivu hahitaji kuelezwa sana mambo ya kukimbia ukabadilisha jina. Ni ndefu, inafika karibu masaa mawili, kwa hiyo ipe Jumamosi yake peke yake.

Chuma_Katuba (Lubumbashi)

Mwalimu amesema vizuri lakini mimi naongeza ile ya jalala lingine, Lixo Extraordinario ya 2010. Naisema kwa moyo juu kazi yangu ni vyuma chakavu, nanunua kwa vijana wanaozunguka na magunia hapa Lubumbashi, komini ya Katuba na komini ya Kenya, na najua watu wanavyotuangalia tukipita.

Kuna msanii wa Brazil, Vik Muniz, yuko na jina kubwa huko New York, akarudi Rio akaenda Jardim Gramacho, moja ya majalala makubwa kabisa ya Amerika ya Kusini. Akawapiga picha waokotaji, halafu zile picha akazitupia na projekta kutoka juu mpaka sakafuni kwenye hangari kubwa, na waokotaji wenyewe wakajaza mistari na vifuniko, viatu, matairi, chupa, kile walichookota wenyewe. Ukiwa chini unaona taka tu, ukipanda juu unaona uso wa mama na watoto wake. Kiongozi wa chama chao, Tião, alipigwa picha akiwa amelala ndani ya beseni la kuogea lililotolewa palepale jalalani, ile picha ikauzwa mnada London na pesa ikarudi kwa chama. Na huyo Tião akiitwa muokota taka anasahihisha mtu palepale: sisi tunaokota vitu vya kutengenezwa upya, taka ni kile ambacho hakitumiki tena. Tangu siku hiyo hata mimi nawaambia vijana wangu vile. Hilo jalala lilifungwa 2012.

Halafu kama unaweza pata Le Sel de la terre, ya 2014, ya Wim Wenders pamoja na mtoto wa Sebastião Salgado, yule mpiga picha. Inafungua na picha za Serra Pelada, shimo la dhahabu kule Pará, wanaume karibu 50,000 ndani ya shimo moja, wanapanda ngazi za miti na gunia mgongoni, mmoja nyuma ya mwingine, matope mpaka kwenye nyusi. Niliionyesha ndugu yangu anayechimba upande wa Kolwezi, akaangalia muda mrefu akaniuliza tu, "hii ni huku kwetu ama wapi?"

BabaMugunga (Goma)

Dada Neema, kwa hiyo ya Salgado naomba unisikilize kwanza. Iko nzuri sana, lakini katikati kuna Goma. Ni Goma yetu ya 1994. Salgado alikuwa hapa wakati wakimbizi wa Rwanda walivuka, na picha za kipindupindu ziko mule. Mimi nilikuwa na miaka 11. Nilichota maji ziwani na watu wamelala kando ya barabara, huwezi jua nani amelala na nani amekufa, na udongo wetu ni jiwe la volkano, kuchimba kaburi kulikuwa kunashinda watu. Niliangalia hiyo filme peke yangu kwa simu, nikafika hapo nikazima, nikaimaliza kesho yake. Kati ya wamama wako kuna wenye waliona kuliko mimi. Waambie mbele, na mwenye kutaka kutoka atoke bila kuulizwa.

Lakini usiikate, juu nusu ya mwisho ndiyo ilinitibu. Salgado mwenyewe alitoka kwenye mambo ya Rwanda akiwa mgonjwa wa roho, akaacha kazi ya picha kwa muda. Akarudi Aimorés, Minas Gerais, kwenye shamba la baba yake, lilikuwa limekauka mlima mutupu. Mke wake Lélia ndiye akasema turudishe pori. 1998 wakaanzisha Instituto Terra, wakapanda miti imepita milioni mbili, chemchemi zikarudi, ndege wakarudi. Salgado amefariki 2025. Nikiangalia vilima vya kwetu vyenye kukatwa makala, najiuliza kwa nini sisi tusianze.

Dj_Birere (Goma)

Mama na muziki jamani? Iko AmarElo ya Emicida, Netflix, 2020. Rapa mweusi anaingiza watu wa favela ndani ya Theatro Municipal ya São Paulo, wengi hawajawahi kukanyaga mule, na katikati ya konsere anaeleza weusi walivyojenga ule mji. Utumwa kule uliisha 13 Mei 1888, nchi ya mwisho Amerika nzima, na waliobebwa wengi walitoka Kongo na Angola. Mpaka leo Minas Gerais kuna sikukuu inaitwa congada, wanamvalisha mtu taji la Mfalme wa Kongo!! Hiyo vijana lazima wajue. Na Ônibus 174 je? ile ya kijana aliyeteka basi la Rio na bunduki 2000.

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)

Kaka, Ônibus 174 ni kazi nzito na ya maana, inauliza yule kijana mwenye bunduki alikuwa mtoto wa nani, na inakuta ni mmoja wa watoto wa barabarani waliopona mauaji ya 1993 pale kwenye kanisa la Candelária, Rio. Ila watu wanakufa kweli mule. Siyo kwa uwanja wenye watoto wa miaka minane.

MamaNeema_Himbi (Goma)

Narudi kuwapa habari, aksanti sana kila mmoja, na Baba Mugunga zaidi. Ônibus naiacha. Ya Salgado nitaiweka mwisho, na nitapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wamama kabla.

Jana tulianza na ile ya tomati. Niliandika kiswahili kwenye kurasa sita kama Mwalimu alivyosema. Umeme ulikatika dakika ya nane, tukangoja, mtu akaleta jenereta, na hakuna hata mmoja aliyeondoka. Ilipoisha, mama mmoja anayeuza tomati soko la Virunga akasimama, akaomba nirudishe pale mama anaitupa tomati kwenye taka. Nikarudisha. Akasogea mpaka karibu na shuka, akaangalia, akasema ile tomati haikuwa imeoza, ingekatwa ule upande mmoja ingepikwa. Basi wamama wote wakaanza kusema pamoja, vijana nao wakajibu, na tulitoka pale saa tatu usiku.

Jumamosi ijayo ni Coutinho. Kuna mzee wa Masisi ameniuliza kama yule Elizabeth aliwapata watoto wake wote, nimemwambia aje aone.