Tupeane uzoefu: kazi gani ilikuharibu kiuno?

Mtu wa Stoo
Wakuu kwema? Leo nimepita Kariakoo nimekuta vijana wanashusha marumaru kwenye kontena, dogo mmoja mwembamba tu kabeba maboksi matatu kwa mkupuo na anakimbia nayo maana wanalipwa kwa boksi. Nikasimama kuangalia, kiuno changu mwenyewe kikaanza kuuma pale pale. Nimefanya kazi stoo ya saruji kabla sijahamishiwa mezani, na mpaka leo nikipanda daladala ya Gongo la Mboto nikakaa mpaka mjini siwezi kuinuka na kushuka hapo hapo, lazima nishike bomba kwanza mgongo ufunguke. Naomba tupeane uzoefu, kazi gani ilikuletea maumivu ya kiuno, ilianzaje, na nini kilikusaidia. Kuna madogo humu wanaanza hizi kazi sa hivi na hakuna anayewaambia kitu.

Zege Tupu
Nakazia. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Kuunyanyua tu si shida sana, shida ni pale unaunyanyua kutoka chini halafu unageuza kiuno kumpa mwenzio huku miguu imebaki palepale. Hapo ndipo panapoua watu.

Dereva wa Tunduma
Umenikumbusha mbali mkuu. Watu wanadhani dereva wa semi anakaa tu kwenye kichwa anakula upepo. Toka Dar mpaka Tunduma ile siti inakutikisa muda wote, na ikiwa springi imekufa kila tuta unalisikia kwenye uti wa mgongo, ukifika Kitonga unakanyaga breki na klachi mguu mmoja mmoja kiuno kimejikunja upande, halafu foleni ya mpakani unalala humo humo kwenye kichwa. Sasa ubaya haupo hata barabarani. Ubaya unakuja ukifika, maana unashuka mgongo umeshalegea kwa mtikisiko na kukaa, tajiri anapiga simu mzigo ukaguliwe, unapanda juu unaanza kuvuta turubai na kamba, turubai limelowa maji. Mimi ndivyo lilivyonikamata, nilibaki juu ya trela nimeshika kamba siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, tandiboi akanishusha. Sa hivi nikipaki natembea kwanza nazunguka gari, naangalia tairi moja moja, mgongo ukichangamka ndo nashika kamba. Tajiri apige simu anavyotaka.

Chumvi ya Kilwa
Na waleti toa mfuko wa nyuma. Dereva mwenzangu aliteswa na maumivu ya tako kushuka mguuni, kumbe anakalia waleti nene siku nzima upande mmoja.

Kijana wa Kompyuta
Mi sijawahi kubeba gunia maishani ila kiuno nakijua vizuri. Nakaa kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi mpaka saa kumi na mbili, skrini iko chini, nimeinama mbele. Naumia kweli.

Zege Tupu
Dogo na wewe! Watu wanaongelea mizigo unaleta habari za kiti kwenye kiyoyozi.

Kijana wa Kompyuta
Kwa hiyo maumivu yana vyeo kaka? Nimeulizwa uzoefu nimetoa.

Sista wa Wodi
Msigombane, wote mko sahihi. Kukaa umeinama mbele kunakandamiza zile diski za kati ya pingili kuliko hata kusimama wima. Sema akikaa dakika chache akainuka akanyoosha mwili inapungua, mwenye gunia hana hiyo nafasi.

Na mimi nitoe la kwangu maana watu hawaongelei manesi. Wodi yetu usiku tupo wawili, na ukikuta mwenzio kaenda kufuata damu uko peke yako. Mgonjwa wa kiharusi anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya mgongo. Wengine wana kilo 90 na kuendelea, na ni mwili usiokusaidia hata kidogo, hauna pa kushika. Vile vitanda vya kwetu havipandi wala havishuki, basi unainama. Siku iliyoniumiza tulikuwa tunamhamisha mama mmoja kutoka kitandani kwenda kwenye machela, ndugu yake akashika miguu, mimi kwapani, mama wa watu akaogopa kudondoka akanikumbatia shingoni kwa nguvu zake zote. Uzito wote ukanijia mimi nimeinama na nimejipinda. Sikuweza kumwachia, ungemwachiaje? Nilimfikisha, nikakaa chini sakafuni pale pale kwenye korido, nikasikia moto unashuka kutoka kiunoni mpaka kwenye kidole gumba cha mguu. Kesho yake asubuhi kuvaa soksi nililia. Nikaambiwa nipumzike, ila zamu haikupata mtu mwingine, nikarudi.

Kitu kinachosaidia kweli ni shuka la kuvutia. Shuka limekunjwa chini ya mgonjwa, watu wawili wanavuta, mgonjwa anateleza badala ya kunyanyuliwa. Manesi wenzangu lidaini hilo shuka wodini kwenu.

Binti Mbeya
Pole sana dada yangu. Mama yangu alikuwa nesi, kastaafu na kiuno hicho hicho.

Mzee wa Mitishamba
Wengi hapo mnasumbuliwa na ngiri na hamjui. Ngiri inashika kiuno, inashuka mguuni. Dawa ipo, mizizi ya kuchemsha, wanaume hata zile nguvu zinarudi. Njoo inbox.

Sista wa Wodi
Mzee wangu shikamoo, ila hapana. Ngiri ni utumbo unatokeza kwenye uwazi wa misuli, unaona uvimbe kinenani au kwenye korodani. Haihusiani na mtu kabeba gunia akapata moto mguuni. Tusiwacheleweshe watu.

Mzee wa Mitishamba
Marahaba mwanangu. Babu zetu walitibiwa na nini?

Mwana wa Ilala
Mzee samahani, hilo la ngiri ndo limenifanya niandike, nilikuwa nasoma tu.

Kaka yangu alikuwa kuli wa viazi. Kama hujawahi kuona lumbesa inavyoshushwa ni hivi, gunia limejaa halafu juu wameongeza kilemba kimeshonwa na kamba, unabeba kitu chenye zaidi ya kilo 100 na hakina mizani. Wawili juu ya Fuso wanakutua mgongoni, unashuka kwenye ubao umeinama kabisa uso unaangalia vidole vyako vya miguu. Siku hiyo kulikuwa kumenyesha na ubao una tope. Mguu wa kulia ukateleza. Mtu mwingine angeachia gunia lianguke, lakini pale likipasuka unakatwa wewe, kwa hiyo akajizungusha kulizuia. Anasema alisikia kitu kimefyatuka ndani, na hakuanguka, alilifikisha gunia kwenye rundo ndo akapiga magoti.

Jioni akaletwa nyumbani na bajaji. Tukamkanda maji ya moto, akanywa diklofenaki za duka la dawa. Usiku akasema miguu ina ganzi. Asubuhi ganzi imepanda mapajani kwa ndani mpaka makalioni, na mkojo hautoki, tumbo limejaa linauma. Mjomba akasema ni ngiri ya kurushiwa, akaleta mtu na chupa yake, akachanjwa chale kiunoni. Mimi nasimama mlangoni naona kaka anatetemeka. Aliyetuokoa ni jirani anasomea uuguzi, kaingia kutoa pole tu, akamuuliza swali moja, "Kaka ukijifuta chooni unasikia mkono wako?" Akajibu hasikii. Yule binti akatoka nje akaita gari mwenyewe hata hakutuuliza.

Kipimo cha MRI kilionyesha diski ya mwisho kule chini imetoka yote imekandamiza mishipa ya fahamu. Akapasuliwa. Anatembea na gongo sa hivi, mkojo umerudi ila si kama zamani, anauza maji ya baridi stendi. Tajiri wa mzigo alituma sado moja ya viazi.

Binti Mbeya
Mungu wangu. Sado ya viazi.

Chumvi ya Kilwa
Nimeisoma mara mbili. Mpe kaka pole sana. Huyo binti jirani ashukuriwe.

Kijana wa Kompyuta
Aisee, mi kwa kweli nimeshika kiuno changu nikiwa nasoma.

Tabibu wa Kata
Watu wote washike swali la yule binti. Ganzi sehemu zinazogusa tandiko ukikaa juu ya baiskeli, mkojo kugoma au kutoka wenyewe, haja kubwa kutoka bila kujua, miguu kuishiwa nguvu. Ukiwa na maumivu ya kiuno na hata kimoja kati ya hivyo, ni dharura ya saa hiyo hiyo, kila saa inayopita mishipa inakufa. Upasuaji wa mgongo unafanyika sehemu chache, MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, ni mojawapo, kwa hiyo mtu wa mikoani asisubiri kesho. Kingine, kama kiuno kinauma usiku hata umelala, unatoka jasho, unakonda, kapime TB, maana TB inakula pingili za mgongo pia.

Ila msitishike wote. Wengi wakipata shtuko la kiuno wanapata nafuu ndani ya wiki chache bila kupasuliwa. Na kulala kitandani wiki nzima hakusaidii, kunachelewesha, tembea taratibu. Diklofenaki usizile kama karanga, zinatoboa tumbo na kuumiza figo.

Zege Tupu
Mi nafunga mkanda mpana kiunoni, ule wa gym. Sijaumia tena. Kila kuli anunue.

Mkaguzi Mstaafu
Usiutegemee sana mkanda kaka. Wamarekani wa NIOSH, taasisi yao ya usalama na afya kazini, walipitia tafiti mwaka 1994 wakasema hakuna ushahidi kwamba unamkinga mtu mzima wa afya. Ubaya wake unakupa ujasiri wa kubeba zaidi. Hao hao ukomo wao ni kilo 23, tena mzigo ukiwa karibu na mwili, urefu wa kiunoni, hujipindi, na hubebi mara nyingi. Shirika la Kazi Duniani mwaka 1967 lilipendekeza mwanaume mzima asizidishiwe kilo 55. Sasa pigeni hesabu ya lumbesa.

Zege Tupu
Mimi umenisaidia, hizo tafiti hazijabeba zege.

Mkulima wa Njombe
Kwenye lumbesa msitulaumu wakulima. Mnunuzi anakuja na magunia yake na vijana wake wa kushindilia, ukisema nataka mizani anapanda gari anaenda kwa jirani. Tunapigwa wote, mimi kwenye bei na kuli kwenye mgongo.

Kamau wa Kinangop
Hata huku Kenya iko hivyo. Kanuni za viazi za 2019 zilisema gunia lisipite kilo 50, lakini utapata broka bado anataka ile kubwa. Vijana wa kupakia ndio wanaumia.

Mwana wa Ilala
Ndo maana mtu akiniambia "kaka yako angekunja magoti vizuri" nakasirika. Kilo zaidi ya 100 kwenye ubao wenye tope unakunja magoti gani?

Mkaguzi Mstaafu
Umesema kweli mdogo wangu. Nimekagua viwanda miaka mingi, nimekuta bango la namna ya kunyanyua mzigo limebandikwa juu ya mifuko ambayo hakuna binadamu wa kuinyanyua. Dawa ni kupunguza gunia, kuweka toroli, kuongeza mtu. Na mnaofanya kazi kwa ajira, ukiumia hakikisha imeandikwa siku hiyo hiyo na mwajiri anatoa taarifa WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ule mfuko anachangia mwajiri, haukatwi mshahara wako, usiogope kuudai.

Mama Mapacha
Samahani naomba kuuliza, mimi si kuli ila nafulia watu nguo majumbani, beseni liko chini nimeinama tangu asubuhi, halafu nafagia na uwanja. Kiuno jioni sikisikii. Mazoezi gani nifanye?

Sista wa Wodi
Kabla ya mazoezi dada, pandisha beseni. Meza, stuli, au panga tofali mpaka lifike usawa wa kiuno chako, ufue umesimama, mguu mmoja upandishe kwenye tofali ukichoka badilisha. Maji chota kidogo kidogo, usinyanyue ndoo ya lita 20 kwa mkono mmoja.

Mama Mapacha
Na ufagio?

Binti Mbeya
Huo wa chelewa ufunge kwenye mti mrefu kwa mpira wa baiskeli. Mama yangu ndo anafagilia huo, wala hainami.