Mjadala: Nauli ya daladala kwa kadi na simu, mkataba wa dereva na konda uko wapi?

Wanajamvi, salaam.

Hoja hii haifi. Kila baada ya muda inaibuka upya: nauli ya daladala ilipwe kwa kadi au kwa simu, pesa taslimu ziondoke kabisa garini. Wanaoitetea wana sababu za maana. Chenji ni ugomvi wa kila siku, hasa tangu nauli ya safari fupi ilipofika shilingi 600 Desemba 2023. Serikali haijui gari moja linaingiza kiasi gani kwa siku. Mwenye gari anaibiwa, au anaamini anaibiwa. Na watu wanauliza swali la haki: kama kivuko cha Kigamboni tunapita kwa N-Card, kadi ya kulipia kielektroniki, na tiketi ya treni ya SGR ya kwenda Dodoma tunakata kwa simu tukiwa bado kitandani, daladala lina nini cha ajabu?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Mashine isiingie garini kabla ya mkataba wa ajira. Dereva na konda wakiwa na mkataba na mshahara unaojulikana, leteni kadi hata kesho asubuhi. Bila hivyo tutawanyang'anya watu riziki halafu tuite maendeleo.

Kwa asiyejua gari linavyoendeshwa. Tajiri, yaani mwenye gari, anamkabidhi dereva gari kwa maneno ya mdomo. Kinachotajwa ni hesabu: kila usiku upeleke kiasi fulani, gari liwe lilijaa siku nzima au lilikwama Buguruni kwenye foleni. Mafuta ni juu ya dereva. Wapiga debe wa kituoni ni juu ya konda. Faini za trafiki mara nyingi wanagawana wenyewe. Kinachobaki ndiyo mshahara wao. Siku nyingine kinatosha unga na dagaa, siku nyingine hakibaki kitu na deni la hesabu linasukumwa kesho. Ndiyo maana gari linakatisha ruti na kukushusha njiani. Ndiyo maana jioni linapita pembeni ya lami kuwahi abiria wa kituo cha mbele. Tunamtukana dereva, lakini anayemkimbiza ni hesabu.

Sasa fuatilieni pesa inavyotembea ndani ya siku moja. Alfajiri gari linatoka na mafuta ya kubahatisha. Tripu ya kwanza ndiyo inayonunua mafuta ya kweli, kwa noti zile zile ambazo konda amezikunja kwa urefu na kuzibana katikati ya vidole, huku mkono wa pili ukichekecha sarafu kuwakumbusha waliosahau kulipa. Mchana konda akitaka kula, deiwaka, yaani kibarua wa muda, anashika mlango tripu mbili, analipwa mkononi, anashuka. Nauli yote ikianza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya tajiri, nani anaweka mafuta saa tatu asubuhi? Dereva awe anapiga simu kuomba? Na deiwaka alipwe na nani?

Halafu kuna mambo ambayo hayamo kwenye jedwali la nauli. Asubuhi pale Kivukoni mama anatoka Feri na ndoo ya vibua. Konda anaitazama ndoo, anatazama maji yanavyochuruzika, anasema mzigo mia tano. Mama anasema mia mbili, juzi nilitoa mia mbili. Wanamalizana mia tatu, ndoo inasukumwa mbele, pembeni ya injini, na mama anaonywa aishikilie kwenye matuta. Mtaalamu wa mifumo anieleze hiyo mia tatu itaingizwa wapi, na nani atakuwa na mamlaka ya kupunguza.

Msinielewe kwamba naogopa teknolojia. Mabasi ya mikoani yaliruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya katazo lililodumu tangu miaka ya 1990, na mojawapo ya yaliyowezesha ni vifaa vya kufuatilia mwendo wa gari vinavyosomwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu. Hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Ninachouliza ni kwa nini mashine ya kumfuatilia dereva inapatikana haraka, na karatasi ya kumlinda dereva inachukua miaka. Daladala ziliruhusiwa rasmi 1983, UDA, shirika la mabasi la Dar es Salaam, iliposhindwa kubeba mji. Aprili 2015 madereva waligoma, abiria wakajaa Ubungo bila usafiri, na mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao. Zimepita serikali ngapi tangu hapo?

La mwisho ni makato. Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala ya simu, watu walirudi kwenye noti kwa kasi, na ndani ya miezi miwili serikali ikaipunguza kwa asilimia 30. Nauli ni pesa ndogo inayolipwa mara nyingi. Shilingi ishirini ya makato kwa kila tripu ni mzigo kwa mtu anayepanda gari nne kwa siku.

Nataka kuwasikia wenye magari, makonda, na walioko miji iliyokwisha kujaribu. Nawasilisha.

Mwenye Coaster Mbili

Mkuu, umeeleza vizuri, ila umetupaka wote rangi moja. Mimi gari la pili nimelinunua kwa mkopo. Tairi, bima, leseni ya usafirishaji, matengenezo ya injini, hivyo vyote tajiri halipi kwa maneno ya mdomo. Hesabu haikuanzishwa kwa roho mbaya. Ilikuja kwa sababu sioni kinachoendelea barabarani. Leo naambiwa abiria hakuna, kesho napita mwenyewe kituoni nakuta gari langu limefurika hadi mlangoni.

Wewe unasema mkataba kwanza, mashine baadaye. Mimi nakuambia kinyume chake: nitamlipaje mtu mshahara wa mwezi kutokana na mapato nisiyoyaona? Nipe mashine inayonionyesha siku imeingiza kiasi gani, hapo ndipo nitajua kama naweza kulipa laki tatu au laki nne. Bila mashine, mkataba unaotaka nisaini ni wa kukisia.

Konda Mstaafu, Tandika

Tajiri, shikamoo. Mimi nimening'inia mlangoni tangu enzi za vibasi vya DCM, kwa hiyo nivumilie nikisema ninavyojua.

Kadi ina faida kwetu, tusidanganye watu. Usiku ukipeleka gari kulaza, mfuko umejaa na vijana wa mtaani wanajua saa unayopita. Nimekabwa, na hesabu ya siku ile nililipa kwa wiki nzima. Ugomvi wa chenji nao umenitoa damu puani. Hayo yakiondoka nitashukuru.

Lakini hayo ya mkataba kwanza nayajua. Niliwahi kupewa karatasi nisaini kwa sababu tajiri alitakiwa kuambatisha mikataba kwenye maombi ya leseni. Nikasaini juu ya boneti. Karatasi ikaenda ofisini ikakaa kwenye faili, sisi tukaendelea na hesabu kama jana. Mshahara ulioandikwa mle sikuwahi kuushika hata mwezi mmoja. Kwa hiyo ndugu mtoa hoja, karatasi peke yake haitatuokoa.

Na jingine. Tajiri akishapata mashine, mtu wa kwanza kuondolewa ni konda. Kigali walianza kadi ya nauli ya Tap&Go mwaka 2015, abiria anagusisha mwenyewe anapopanda. Sasa konda wa kazi gani? Mnaosema atafundishwa kazi nyingine, nitajieni hiyo kazi na mahali ilipo.

Abiria wa Rongai, Nairobi

Hamjambo ndugu zetu. Sisi huku tulipitia hayo yote, kwa hiyo msirudie. Google na benki ya Equity walileta kadi ya nauli ya BebaPay mwaka 2013, kisha zikaja My 1963 na Abiria Card. Serikali ikaamuru matatu zote ziache pesa taslimu kufikia Julai 2014, tarehe ikasogezwa, na mwishowe kadi zikabaki droo. BebaPay yenyewe ilifungwa 2015.

Kila kadi ilikuwa na mashine yake, hii haisomi ile. Makanga, konda wetu, hakuitaka kwa sababu pesa yake ya siku haikuonekana. Na kuna jambo watu hawalisemi kwa sauti: njiani kuna mikono inayonyoshwa dirishani, na mikono hiyo haipokei kadi.

Kilichofaulu kilikuja chenyewe. Leo abiria wengi wa njia yetu wanalipa kwa M-Pesa, kwa sababu simu tayari walikuwa nayo mkononi na hakuna aliyewalazimisha. Anayetaka kutoa noti anatoa noti. Lakini nauli haikutulia kwa sababu hiyo. Mvua ikinyesha inapanda vilevile, umelipa kwa simu au kwa sarafu.

Mwalimu wa Sekondari

Naongeza moja tu, maana nalishuhudia kila asubuhi. Mwanafunzi analipa 200. Konda akiwaona wamesimama kundi zima na sare zao anamwambia dereva vuta, kwa sababu kila mwanafunzi anakalia nafasi ya mtu wa 600. Watoto wangu wanaingia darasani kipindi cha kwanza kimeisha, wengine jasho limewalowesha kwa kutembea. Mabinti ndio wanaumia zaidi, kwa sababu wapo wanaojitolea "kuwasaidia" lifti na sote tunajua yanakoishia.

Kadi ya mwanafunzi ingeandika safari yake. Ikishaandikwa, serikali inaweza kumfidia mwenye gari ile 400 inayopungua. Leo haiwezi, kwa sababu hakuna anayejua gari lipi limebeba wanafunzi wangapi. Kwa hili tu mimi niko upande wa mashine.

Mtoto wa Manzese

Nyie wote mnaongelea pesa, hakuna anayeongelea redio ya gari. Singeli haikuanzia kwenye stesheni kubwa. Ilitoka Manzese na Tandale kwenye flashi na memori kadi, ikapigwa kwenye bodaboda na daladala hadi mji mzima ukaijua. Konda ndiye aliyeichomeka. Msanii asiye na jina alikuwa anamtafuta konda kabla hajamtafuta mtangazaji. Siku hizi kila abiria ana spika zake masikioni na anasikiliza alichochaguliwa na simu. Mkimtoa na konda mlangoni, mtunzi mchanga wa uswahilini atapitia wapi?

Mtoa hoja

Nawashukuru wote. Mtoto wa Manzese, hilo la muziki lina uzito na linastahili mjadala wake, fungua tuje.

Mzee wa Tandika, shikamoo. Uliyosema kuhusu karatasi inayolala kwenye faili ndiyo yanayonifanya nisogeze hoja yangu mbele zaidi. Mkataba peke yake umeshajaribiwa kwa namna hiyo. Mashine peke yake, kule Nairobi, ilisusiwa. Basi viingie siku moja, na mshahara upitie ndani ya mashine hiyo hiyo. Abiria akigusisha kadi, mfumo una uwezo wa kuigawa nauli papo hapo: sehemu ya mafuta iende kwenye kadi ya dereva itakayotumika kituo cha mafuta saa hiyo hiyo, sehemu ya ujira iende kwa dereva na konda pamoja na michango yao ya NSSF, inayobaki iende kwa tajiri. Hapo LATRA haihitaji kuamini karatasi iliyosainiwa juu ya boneti. Inaangalia kama ujira umelipwa mwezi huu au haukulipwa, na leseni inahuishwa kwa msingi huo.

Konda abaki. Kwenye Coaster yenye milango ya kufunguliwa kwa mkono, wazee wa kupandisha, ndoo za samaki na wanafunzi wa kulinda, kazi yake ipo hata asiposhika senti. Noti zisikatazwe, anayelipa taslimu alipe, konda aingize kwenye mashine. Na makato yasimwangukie abiria.

Mwalimu, hoja ya fidia ya 400 naibeba kama ilivyo.

Tajiri wa Coaster mbili, umesema ukiona mapato utalipa mshahara. Utakubali gari lako moja liendeshwe hivyo, ujira ukitoka kabla ya fungu lako?

Mwenye Coaster Mbili

Kabla ya fungu langu, hapo ndipo pagumu, maana benki nayo inataka fungu lake kabla ya langu. Lakini sikatai. Gari moja, miezi mitatu. Masharti yangu ni mawili. Siku gari likiwa gereji ujira usihesabiwe kana kwamba liko barabarani, tukubaliane posho ya siku hiyo. Na hesabu ya kila siku niione mimi, dereva na konda, wote watatu kwenye simu zetu, isiwe siri ya upande mmoja.

Konda Mstaafu, Tandika

Posho ya siku ya gereji iandikwe kiasi kabisa, tajiri. Na deiwaka mmemruka. Yule naye analisha watoto, mwekeni kwenye hesabu hiyo kabla hamjaanza.