Projekta ya kuangusha ramani mezani: mnaifungaje juu bila kuunguza taa?

Msimulizi_wa_Nguba aliuliza:

Wakubwa, salamu kutoka Bukavu. Sisi ni wachezaji sita pamoja na msimulizi, ambaye ni mimi, na kila Jumamosi jioni hukutana nyumbani kwetu kucheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa dadu zenye pande ishirini, ambao kila mchezaji huigiza mhusika katika hadithi inayoongozwa na msimulizi. Kwa miaka miwili tumekuwa tukichora ramani kwa kalamu ya ubao juu ya kitambaa cha plastiki cha mezani, na nimechoka kufuta pango moja ili nichore lingine huku watu sita wakinitazama mkono.

Binamu yangu, ambaye hukodisha vyombo vya harusi, ameniachia projekta ya zamani ya taa, yenye pikseli 1280 kwa 800. Nimeifunga darini ikitazama chini, kwenye meza yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 75. Matatizo yalianza siku ileile. Kwanza, picha haikuangukia katikati ya meza bali ilisogea upande wa mlango, hata nusu ya daraja tulilopaswa kulivuka ikawa juu ya bega la mchezaji mmoja. Pili, baada ya dakika kama arobaini taa nyekundu iliwaka na projekta ikajizima, na tulipoigusa ilikuwa ya moto kama pasi. Tatu, miraba ya ramani hailingani na sanamu zetu, ambazo vitako vyake vina upana wa inchi moja.

Naomba msaada wa mtu aliyekwisha kuifanya kazi hii kwa mikono yake. Dari yetu ni ya tripleksi, yaani plaiwudi, iko mita mbili na nusu kutoka sakafuni, na umeme wa mtaa wetu mnaujua.

Fundi_wa_Muhumba alijibu:

Ndugu msimulizi, kabla ya yote ishushe hiyo projekta leo hii. Nyingi za taa zimeundwa kulala kwa tumbo au kuning'inia kwa mgongo, lakini si kutazama chini wima, kwa sababu feni hupanga hewa yake kwa kudhani kwamba mashine imelala, na ukiisimamisha joto hukusanyika palipo na taa. Zile za LED au leza mara nyingi huruhusiwa kuelekea upande wowote, ingawa hata hizo inafaa kusoma kitabu chake kwanza. Hiyo ya binamu yako ilijizima ili kujiokoa, na siku nyingine huenda isiwahi.

Dawa yake ni kioo. Ilaze projekta kwenye rafu iliyofungwa ukutani, juu kuliko vichwa vya watu, kisha mbele ya lenzi weka kioo kilichoinama digrii 45 ili kiishushe picha mezani. Hesabu yake ni nyepesi: projekta nyingi za kawaida huhitaji umbali wa karibu mara moja na nusu ya upana wa picha, kwa hiyo picha ya sentimita 120 inataka mwanga usafiri sentimita 180. Ukikiweka kioo sentimita 50 kutoka kwenye lenzi, na kutoka kioo hadi meza pakawa na sentimita 130, umefika. Pima kwanza yako kwa kuangaza ukutani, maana kila moja ina uwiano wake.

Kuhusu picha kukimbilia mlangoni, mashine haina kosa. Projekta hutengenezwa ikirusha picha juu kidogo ya lenzi, ili ikiwekwa mezani ofisini picha isianzie chini ya ukuta. Ukiielekeza chini, ule "juu" unageuka kuwa "pembeni". Usijaribu kurekebisha kwa kitufe cha kunyoosha pembe, kwa kuwa kitufe hicho hukata pikseli na kuifanya miraba ya upande mmoja iwe na ukungu. Sogeza meza, au inua kioo kidogo. Na kwa kuwa kioo hugeuza maandishi, ingia kwenye menyu uchague hali ya kurusha picha kutoka nyuma ya pazia, yatasomeka vizuri.

Miraba sasa. Pikseli 1280 zikigawanywa kwa sentimita 120 zinakupa kama pikseli 27 kwa kila inchi. Weka kipimo hicho kwenye programu ya ramani, angaza miraba mitupu, kisha laza rula mezani: miraba kumi inapaswa kuwa sentimita 25.4. Ikizidi au ikipungua, badilisha namba kwenye programu wala usiiguse lenzi tena. Meza yako itabeba miraba 47 kwa 29, na kwa kuwa katika Dungeons & Dragons mraba mmoja kwa kawaida ni futi tano, yaani kama mita moja na nusu, una uwanja wa mita sabini hivi. Pango lolote linaingia humo.

Jambo la mwisho, ambalo silisemi kwa mzaha: usitegemeze kitu chochote kwenye tripleksi. Tafuta mbao iliyo juu yake, au tumia ukuta wa tofali, kisha ongeza mnyororo wa pili wa kushika endapo skrubu zitaachia. Sisi tulioona tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 hapa Bukavu tunajua kwamba nyumba hutikisika bila kupiga hodi.

Yaya_wa_Lubumbashi alijibu:

Wadogo zangu, fundi amesema yote ya vyuma, nami niseme ya macho. Projekta haiwezi kurusha weusi. Kile unachokiona cheusi ni mahali ambapo mwanga haukufika, kwa hiyo ukiwa na balbu moja inayowaka chumbani, lile shimo la kutisha lililopakwa rangi ya usiku litaonekana kama maji ya majivu. Sisi huku tulipoteza Jumapili tatu tukilaumu mashine, hadi mmoja wetu alipochukua ramani yenye sakafu ya rangi ya karatasi kuukuu na kuta za mistari ya kahawia, na kila kitu kikasomeka hata taa ikiwaka ili watu waone karatasi zao za wahusika. Meza nayo iwe nyeupe isiyong'aa. Vanishi itamrudishia mwanga usoni aliyekaa ng'ambo.

Hata hivyo, mimi situmii ramani kwa kila tukio. Soko, safari na mazungumzo na chifu nayasimulia kwa mdomo tu, na mwanga unawaka pale ambapo hatua moja ya mraba inaamua nani anapigwa. Wachezaji wakizoea kutazama meza, huacha kumsikiliza msimulizi. Wengine watanibishia, wakisema kwamba mchezo huu, tangu ulipochapishwa mwaka 1974, ulitokana na michezo ya vita ya mezani, na ni kweli. Lakini nimeona kwa macho yangu kijana aliyekuwa akieleza vizuri namna anavyonyemelea mlango akibaki kusogeza sanamu na kusema "hapa".

Mama_Dadu_Goma alijibu:

Nakubaliana na yaya, ila hakuna aliyegusa umeme, nao ndio unaoua projekta za taa. Umeme ukikatika ghafla, feni husimama huku taa ikiwa bado ya moto sana, na hilo likijirudia huifupishia maisha. Nunua onduleri ndogo, yaani kile kisanduku chenye betri kinachoendeleza umeme unapokatika, si kwa ajili ya kucheza gizani bali kwa ajili ya zile dakika tano za kuizima taratibu na kuiacha ipoe.

Mkitaka kucheza kwa betri, pigeni hesabu kabla ya kualika watu. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200, lakini si vyema kutumia zaidi ya nusu. Projekta ya wati 250 pamoja na kompyuta ya wati 60 itaimaliza hiyo nusu chini ya saa mbili, wakati projekta ndogo ya LED ya wati 70 ingewafikisha karibu saa nne. Na programu ichagueni ile inayofanya kazi ndani ya kompyuta yenyewe, kama Foundry, maana Roll20 inahitaji intaneti muda wote. Kumbuka pia kutenganisha skrini mbili: ya wachezaji iende mezani, ya kwako ibaki kwako. Mimi niliwahi kusahau, na mtego wa mlango wa tatu ukaonekana na meza nzima, pamoja na maelezo yangu ya namna ya kuutegua.

Msimulizi_wa_Nguba alijibu:

Ahsanteni sana, wakubwa. Nimefunga rafu kwenye ukuta wa tofali na kuweka kioo nilichokitoa kwenye kabati ya zamani. Jana projekta imefanya kazi saa mbili na robo bila kujizima, na rula imesoma sentimita 25.4 kamili baada ya kuweka pikseli 27. Daraja sasa liko mezani, na mwenye bega amefurahi.

Limebaki moja. Kila mstari una kivuli chake hafifu pembeni, milimita chache, kana kwamba ramani imechorwa mara mbili. Nimezungusha lenzi hadi vidole vikauma.

Fundi_wa_Muhumba alijibu:

Hiyo si lenzi, ni kioo cha kabati. Fedha yake iko nyuma, kwa hiyo mwanga hurudi mara mbili: kidogo kutoka uso wa mbele, na mwingi kutoka nyuma. Unahitaji kioo chenye fedha mbele. Ulizia shule yenye mashine ya zamani ya kuangaza karatasi angavu ukutani, ile ya kichwa kinachopinda, kwani mara nyingi kichwani humo mna kioo cha aina hiyo. Ni kidogo, lakini ukikisogeza hadi sentimita 20 kutoka lenzi kitatosha, mradi upandishe rafu ili jumla ibaki sentimita 180. Kisafishe kwa kupuliza tu. Ukikifuta kwa shati kitachubuka.