Tupeane uzoefu: talaka ya ndoa ya Kihindu, ulisimamia sababu ipi mahakamani?

Binti wa Mombasa
Jana mdogo wangu kavua mangalsutra, mkufu wake wa ndoa, kaiweka mezani mbele ya baba, kimya. Yangu yote yakanirudi. Mliopitia mahakamani semeni: mlitoa sababu gani, mkaithibitisha vipi? Mjomba anamwambia avumilie tu.

Bhai wa Kisumu
Tulizunguka moto, tukapiga hatua saba, ben (dada). Wazee wakae kwanza.

Karani wa Wakili
Wakae, lakini hawana uwezo wa kuivunja. Kenya zamani ilikuwa na sheria ya peke yake ya ndoa na talaka za Kihindu. Tangu 2014 zimo ndani ya Sheria ya Ndoa. Tazama kifungu cha 70: kutelekezwa miaka mitatu au zaidi, mwenzio kubadili dini, uzinzi, ukatili, au ndoa kuvunjika isitengenezeke tena. Shika ile unayoweza kuithibitisha.

Mama Nakuru
Nimesoma hapo "ukatili" nikaweka simu chini.

Mume wangu hakuwahi kuninyanyulia mkono. Ila sasu, mama mkwe, alifunga kabati la unga kila asubuhi, funguo akazichomeka kiunoni kwenye sari. Nilipika rotli, zile chapati nyembamba, za watu tisa, mimi nikapewa mbili, za kuhesabiwa. Simu yangu ilikaa kwa mume. Mama yangu alilazwa, nikajua siku ya nne, tena kwa mama anayeuza mboga mlangoni. Nikamwuliza mume, ulijua? Akasema, "Ungelia, na Diwali wageni walikuwa wanakuja."

Mahakamani wakili wake akaniuliza: alikupiga lini? Nikajibu, hakunipiga. Akaketi, kana kwamba kesi imeisha. Magoti yalinilegea. Wakili wangu akatoa daftari langu, lile la shule la mwanangu, nilimoandika tarehe kila nilipolala na njaa. Kisha akamwita mama wa mboga. Alikuwa ameacha biashara siku nzima. Akaapa, akasema alichokiona mlangoni, hakuongeza wala hakupunguza. Talaka nilipewa, kwa ukatili.

Dada wa Ngara
Pole dada. Kwetu kufuli lilikuwa kwenye friji.

Bhai wa Kisumu
Rotli za kuhesabiwa ndiyo talaka? Mama yangu kaishi hivyo miaka arobaini.

Mama Nakuru
Uliwahi kumwuliza?

Dada wa Ngara
Jibu, bhai.

Wa Upanga
Kwetu Tanzania Sheria ya Ndoa ya 1971 inatushika sote, Mhindu, Mwislamu, Mkristo. Mimi nilikimbilia mahakamani, ombi likarudishwa kwa sababu sikupita baraza la usuluhishi la ndoa. Aanze na wazee wa baraza.

Mzaliwa wa Tanga
Mimi nasema asimwandike mwenzake ubaya wowote. Niliolewa Rajkot, chini ya sheria ya India ya ndoa za Kihindu ya 1955. Tuliishi mbalimbali zaidi ya mwaka, tukapeleka ombi moja, sahihi mbili. Kuna kungoja miezi sita, ingawa tangu 2017 mahakama inaweza kuisamehe. Hakuna aliyemtukana mwenzake, na watoto wanatutembelea sote.

Karani wa Wakili
Hiyo ni njia ya India, na inataka wawili wakubaliane. Huyu mume atakubali?

Binti wa Mombasa
Hatakubali. Nimemwonyesha mdogo wangu habari ya daftari la Mama Nakuru. Anataka kuandika ya tangu Machi.

Karani wa Wakili
Aandike, ila asijifanye aliandika siku ile ile. Wakili wa upande wa pili akiligundua hilo, hata ya kweli hayataaminika.

Mama Nakuru
Na amtafute mtu aliyekuwa akifika mlangoni. Asidharau mtu: dobi, mlinzi, mwalimu wa watoto.

Binti wa Mombasa
Ameketi hapa kando yangu. Juu ya ukurasa ameandika tarehe ya leo, chini yake "nakumbuka mwezi wa Machi", kisha ananiuliza jina la mlinzi wao wa usiku.