Tokeni inanunulika lakini haiuziki: mkataba wake unafanyaje kazi?

Kijana_Ilala: Wakuu, habari za jioni. Nilinunua tokeni (sarafu ya kidijitali) fulani kwenye mtandao wa BNB, ikaingia ndani ya sekunde chache. Sasa bei imepanda, ila kila nikitaka kuuza muamala unagoma, na ada inakatwa vilevile. Kwenye pochi naziona kabisa. Pochi ndiyo mbovu? Naombeni mnieleweshe.

Fundi_Mikataba: Pole sana mkuu. Pochi yako ni nzima. Inatunza ufunguo tu, tokeni hazimo humo. Tokeni ni daftari lililoandikwa ndani ya mkataba mahiri, yaani programu inayojiendesha kwenye mtandao: anwani hii ina kiasi hiki, ile ina kiasi kile. Ukimtumia mtu, mkataba unapunguza namba yako na kuongeza yake, basi. Salio unaloliona ni jibu la fanksheni iitwayo balanceOf, na anayejibu ni mkataba huohuo.

Kiwango cha tokeni za mtandao wa Ethereum, ERC-20, kilichopendekezwa 2015, ambacho BNB wamekifuata kwa jina la BEP-20, kinataja fanksheni ambazo lazima ziwepo. Msimbo wa ndani anaandika mwenye tokeni, na anaweza kuweka analotaka. Uliponunua, bwawa la ukwasi, yaani akiba ya tokeni ambayo soko hubadilishia, lilikutumia kwa transfer. Ukiuza, kwanza unatoa idhini kwa approve, halafu soko linazivuta kwako kwa transferFrom. Mtego huwekwa hapo, na sharti moja linatosha: mpokeaji akiwa bwawa na mtumaji si mwenye mkataba, muamala ubatilishwe. Ada inakatwa kwa sababu mtandao umeshauendesha msimbo mpaka ulipokwama. Acha kujaribu tena, unaongeza hasara.

Tokeni ya SQUID mwaka 2021 ilipita dola 2,800 huku wanunuzi wakishindwa kuuza, kisha ikaporomoka hadi karibu na sifuri. Bei hupanda kirahisi pale wauzaji wamefungiwa mlango.

Bint_Tanga: Mbona hata mkataba wa USDT, ile sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, unaweza kufungia anwani ya mtu?

Fundi_Mikataba: Kweli dada, ule wa Ethereum una orodha ya waliozuiwa, na Tether, kampuni inayoitoa, huitumia. Tofauti ni kwamba mamlaka hayo yako wazi kwenye msimbo na mwenye nayo anajulikana. Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kununua, bandika anwani ya mkataba kwenye BscScan, tovuti ya kukagulia mtandao wa BNB. Msimbo usipokuwa umewekwa wazi hapo na kuthibitishwa, achana nayo. Ukiwepo, tafuta neno onlyOwner, linaloonyesha fanksheni za mwenye mkataba peke yake, uone kajiachia nini.

Kijana_Ilala: Nimeingia, msimbo haujathibitishwa. Nilinunulia kwenye tovuti yao wenyewe, nikalipa kwa USDT. Na kuna mtu kanifuata pembeni, anataka nimlipe anifungulie.

Fundi_Mikataba: Huyo mpige bloku, hakuna anachoweza kufungua. Lakini tovuti yao ndiyo inayonitisha. Ulipolipa uliipa idhini ya kuvuta USDT zako, na mara nyingi huomba idhini isiyo na kikomo. Bado iko hai. Ingia BscScan sasa hivi, sehemu ya kukagua idhini, hakikisha tovuti uliyoingia ni BscScan yenyewe, si ya kuigiza, kisha uifute idhini hiyo irudi 0. Utalipa ada kidogo. Fanya hivyo kabla hujaongeza hata senti kwenye pochi hiyo.